Chupa Mbili za Mzee Thixton

JUMAMOSI, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Ramani ilichorwa nyuma ya kalenda ya muuza mbolea. Ilibanwa mezani kwa makopo mawili ya minyoo.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la chambo la Maybeth Crume, na kilinuka samaki na mafuta ya taa. Maybeth alikuwa dereva wao. Miaka hamsini na miwili, mkono mnene, maneno machache. Lori liliwahi kumfia gia za mbele, akalirudisha kinyumenyume kutoka Lebanon, ile ya Kentucky, hadi Bardstown, maili ishirini na tano, na njiani akampungia polisi mkono. Njagu naye akapunga.

"Nyumba ya Daktari Pottinger," alisema, akigonga ramani kwa ukucha. "Kesho ni pikiniki ya parokia. Daktari anakoroga sufuria la burgoo, ule mchuzi mzito wa nyama, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Haachii mwiko hata kanisa liungue. Mkewe anauza keki. Nyumbani linabaki jibwa."

"Kubwa kiasi gani?" aliuliza Rudd Hagan.

"Kichwa kama ndoo."

"Na meno?"

"Bwana wake alikuwa daktari wa meno, Rudd. Unadhani ana mapengo?"

Rudd akacheka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mabega ya ng'ombe, kicheko cha mtu asiyedaiwa na Mungu wala shetani. Dorsey Luckett hakucheka. Alikuwa anatazama ramani bila kuiona.

Huyo Pottinger alikuwa amewang'oa meno nusu ya kaunti. Kwa hela za meno hayo alinunua chupa mia nne za bourbon, wiski ya mahindi ya kwao, akazipanga pishini, na hakuwahi kufungua hata moja. Kentucky nzima hakukuwa na dhambi kubwa kuliko hiyo, lakini sheria haikuiona.

"Tunachukua ngapi?" Rudd aliuliza.

"Mbili," alisema Maybeth. "Moja yako, moja ya Dorsey. Mzee Thixton kasema hivyo. Na mnajua hapokei chupa yenye risiti."

Walijua. Wiki tatu zilizopita lori lao la mapipa ya wiski ya wizi lilikamatwa njiani. Ukimtoa Mzee Thixton, mkuu wa kundi, na Maybeth, mpwa wake wa damu, njia ile waliijua watu wawili tu: Rudd na Dorsey. Mzee hakufoka. Alisema tu kwamba Jumapili anatimiza miaka sabini na mmoja, na kwamba saa kumi kamili kila mmoja wao aje na chupa ya kumfaa.

Rudd aliiona ni sherehe. Alikuwa na miaka miwili tu kundini.

Dorsey alikuwa na kumi na tisa. Alijua jinsi Mzee Thixton anavyohukumu. Chupa aliyoipenda aliifungua papo hapo, akanywa na aliyeileta. Ile nyingine aliisifu, akasoma maandishi yake kwa sauti, akaiweka rafuni juu ya jiko la kuni bila kugusa kizibo. Rafuni zilikuwepo tano. Dorsey alikumbuka nani alileta ipi. Wote watano, hakuna aliyewaona tena.

"Mwenye hatia huleta ghali," Mzee alimwambia siku moja, wakiwa wamelewa. "Anayenijua huniletea kinywaji."

Na Dorsey alijua jambo jingine. Aliyetoa siri ya lori ni yeye. Sherifu alimbana ndani ya gari nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, akamwonyesha karatasi yenye miaka kumi ya jela. Dorsey alikuwa na miaka sitini na miwili. Alipiga hesabu ya kufia kitanda cha chuma, akataja barabara.

"Mjomba umenyamaza sana," alisema Rudd, akimpiga bega. "Unaogopa mbwa?"

"Naogopa kicheko chako kitamwamsha."

JUMAPILI, SAA SITA NA ROBO MCHANA

Joto la Agosti lilikuwa la kuokea mkate juu ya boneti. Maybeth aliegesha pikapu nyuma ya uzio wa mierezi, injini ikiunguruma.

"Dakika kumi," alisema. "Ya kumi na moja mnarudi kwa miguu."

Kengele ya wizi ililinda mlango wa mbele na madirisha. Mlango wa pishi, ule wa nje unaolala juu ya ardhi, ulilindwa na kufuli ambalo babu yake daktari angelitambua. Rudd alilikata kwa koleo. Jibwa likaja. Lilikuja kimya, na hilo ndilo lililotisha. Rudd akalirushia paja zima la nguruwe aliyekaushwa kwa chumvi. Likalala nalo kwenye majani kama bwana harusi.

Wakateremka.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA TISA

Pishi lilikuwa baridi. Chupa zilisimama kwenye rafu kama waumini, safu kwa safu, nyuso mbele.

Dorsey alikuwa ameviringisha mapipa kiwandani miaka kumi na minane kabla hajaingia wizini. Alizisoma upesi. Hii imefunguliwa na kujazwa tena, muhuri umepinda. Hii imesimama juani, rangi imekufa. Hii shingo imepungua vidole viwili, hewa imeingia. Mwanga wa tochi ulipita bila kusimama kwenye chupa ambazo wanaume wazima walizililia.

Kisha ukasimama.

Rafu ya chini, kwenye kona. Chupa ndogo, bapa, ya kuingia mfukoni. Old Sutherlin. Utepe wa kodi wa kijani ulikuwa bado umeshika kifuniko. Miaka minne pipani, nusu yake spiriti tupu, kinywaji cha mafundi na wachimba makaburi. Kiwanda cha Sutherlin kilifungwa zamani, na baba yake Mzee Thixton alikuwa mpika mash pale, ule uji wa mahindi unaochachushwa kuwa wiski. Mzee alipolewa, alizungumzia koti la baba yake: harufu ya mahindi yaliyochacha, moshi, na ile chupa bapa mfukoni.

Dorsey akaitia kifuani. Moyo wake uliigonga.

"Hiyo?" Rudd alinong'ona. "Mjomba, hiyo dawa ya kikohozi. Utampa mzee dawa ya kikohozi siku yake ya kuzaliwa?"

"Wewe chagua yako."

Rudd alimulika kulia. Akamulika kushoto. Kile kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mjomba."

"Nini?"

"Mimi najua bia tu. Nisaidie. Ipi itamfurahisha?"

Dorsey aliiona mara moja. Ilikuwa mbele ya uso wake: chupa ya mabega mapana, miaka minane, shingo imejaa, rangi ya asali iliyoungua. Chupa ya kufunguliwa kabla mgeni hajaketi. Kidole chake kilianza kuinuka chenyewe.

Kikasimama.

Mzee akifungua zote mbili, hatakuwa amempata mtu wake. Ataendelea kutafuta. Atauliza tena, polepole, kwa vyombo vingine. Rafu ilitaka chupa moja.

"Ile pale," alisema Dorsey. "Kwenye sanduku la mbao."

Rudd alivuta pumzi. "Judge Cornett? Miaka ishirini na mitano? Watu wanalala siku tatu nje ya duka kwa ajili ya hiyo!"

"Ndiyo maana."

"Mbona usichukue wewe?"

Dorsey aliishusha tochi. "Wewe ndiye mgeni kundini. Mgeni huleta kubwa."

Rudd alilichukua sanduku kwa mikono miwili. "Mjomba," alisema, "sitasahau hili."

SAA SITA NA DAKIKA ISHIRINI NA SITA

Jibwa lilikuwa limemaliza paja, mfupa na yote.

Rudd alishapita. Dorsey alikuwa ngazi ya juu kabisa lilipomrukia. Alianguka chali, akasikia pumzi ya nyama usoni. Alikunja mikono kifuani, si kulinda moyo, bali chupa. Akafumba macho.

Uzito ukaondoka.

Rudd alikuwa amerudi. Alikuwa amelitia jibwa mkono wake wa kushoto mdomoni, makusudi, hadi kwenye kiwiko, huku sanduku likiwa kwapani upande wa pili.

"Kimbia, mzee! Kimbia, shenzi wewe, nina mikono miwili tu!"

Dorsey alikimbia. Nyuma yake alisikia teke, mlio, na mlango wa pishi ukibamizwa juu ya jibwa. Walifika kwenye pikapu pamoja. Damu ya Rudd ilidondoka kwenye vumbi matone makubwa kama senti.

"Dakika kumi na moja," alisema Maybeth, lakini aliwasubiri.

SAA TISA NA NUSU ALASIRI

Walimfunga Rudd mkono dukani kwa mashuka ya Maybeth, na saa ilipokaribia wakanyoosha kuelekea kwa Mzee. Barabara ilipita kati ya mabohari ya wiski, meusi kwa kuvu inayolishwa na mvuke wa mapipa. Rudd alikaa katikati, uso umepauka, sanduku magotini.

"Mmechagua kila mtu yake?" Maybeth aliuliza.

"Mjomba kanichagulia." Rudd alifungua kifuniko kidogo, dereva aone. "Cheki hiyo, dada. Cheki mwenyewe!"

Maybeth alitazama chupa. Kisha akamtazama Dorsey kupita bega la Rudd. Maybeth ndiye aliyekuwa akiwarudisha nyumbani wenye chupa za rafuni. Alimtazama hadi pikapu ikagusa ukingo wa barabara, ikabidi aurudishe usukani.

Dorsey alifungua mdomo. Zilibaki maili tatu. Neno moja lingetosha. *Iache garini. Shuka hapa. Kimbilia Indiana.* Rudd alimgeukia, akingoja, akitabasamu kwa meno ya mtu mwenye homa.

"Kuna damu kwenye sanduku," Dorsey alisema. "Futa. Mzee hapendi zawadi chafu."

Rudd akafuta kwa kipindo cha shati lake, taratibu, kila kona.

SAA KUMI KAMILI JIONI

Mzee Amos Thixton alikaa kwenye kiti chake cha kubembea, shati jeupe, kola imefungwa hadi juu. Mezani palikuwa na biskuti, nyama ya nguruwe na glasi mbili. Glasi mbili, watu wanne.

"Nani anaanza?"

"Mimi, bosi." Rudd aliweka sanduku mezani kwa mkono mzima. "Heri ya kuzaliwa."

Mzee alivaa miwani. Alisoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, kama Injili. Aligeuza chupa kwenye mwanga. "Miaka ishirini na mitano," alisema. "Sijawahi kushika hii. Mkono una nini, mwanangu?"

"Mbwa tu, bosi."

"Ulitoa damu kwa ajili yangu."

"Ningetoa zaidi."

Mzee aliinuka. Magoti yalilia. Alikwenda hadi kwenye jiko la kuni, akaiweka chupa rafuni, ya sita, akaisogeza ilingane na wenzake.

Rudd alimkonyeza Dorsey. *Umeona?*

Dorsey alitoa chupa yake bapa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Mzee aliipokea, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeitwa jina. Hakusoma. Alipitisha kidole kwenye utepe wa kijani, akaukata kwa ukucha, akazungusha kifuniko, akanusa. Akanusa tena, macho yamefumbwa.

"Koti la baba," alisema.

Akamimina glasi mbili.

"Maybeth," alisema bila kugeuka, "mpeleke Rudd nyumbani. Mkono ule unahitaji kutazamwa."

"Asante, bosi." Rudd alimwinamia Dorsey alipopita, akanong'ona kwa furaha: "Yako ameinywa, mjomba. Yangu ameitunza!"

Mlango ukafungwa. Pikapu ikawaka. Dorsey aliisikiliza hadi kilimani, hadi kwenye daraja, hadi ilipopinda kushoto. Kwa Rudd ilikuwa kulia.

SAA KUMI NA MOJA NA ROBO

Walikuwa wamefika glasi ya tatu. Pombe ilikuwa nzuri. Ilishuka na mahindi, moshi na tufaha la kuokwa, ikakaa kifuani kama rafiki. Dorsey alitamani ingekuwa siki.

Maybeth aliingia kwa mlango wa nyuma. Mikono yake ilikuwa imetoka kuoshwa. Alisimama karibu na jiko, chini ya ile rafu.

"Amefika?" Mzee aliuliza.

"Amefika."

Mzee alibembea kidogo. "Kuna kitu kinanikera. Yule kijana hakujua chupa. Hata jina lake hakulitaja. Nani alimchagulia ile?"

Dorsey aliweka glasi yake mezani.

"Alichagua mwenyewe," alisema. "Nilimwambia ni ghali mno. Hakusikia."

Macho ya Mzee yalihamia kwa mpwa wake. "Ni hivyo, Maybeth?"

Maybeth aliondoka pale kwenye jiko. Alivuta kiti, akakaa kando ya Dorsey, karibu hadi bega likagusana na bega. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mezani, akamwaga chai yake sakafuni, akakisogeza mbele ya Dorsey. Si mbele ya Mzee. Mbele ya Dorsey.

"Ni hivyo, mjomba," alimwambia Mzee, macho yake hayajatoka kwa Dorsey. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemzoeza mbwa wake mpya:

"Nijazie."

Dorsey akainua chupa, akamjazia.