Kijiti Ndani ya Samli

"Samli imetoka Gitega. Isivuke Kobero."

Simu ikakatika. Longino akaitia gia pikipiki yake ya TVS, akashika njia ya Muyinga.

Agizo la mkuu wake wa upelelezi alilielewa: kilichoibwa kimefichwa ndani ya samli, kisipite mpakani Kobero. Alfajiri ile diski ya Daktari Adventina wa mtaa wa Musinzira, Gitega, ilikuwa imeibwa, na nakala ya pili kuchomwa moto. Kwa miaka mitatu Adventina alikuwa amepima watu mia nne. Aliona kwamba wanaokula mafuta mengi, wenye kolesteroli ya juu, wanaelekea kuota vinyama kwenye utumbo mpana kuliko wenzao, na baadhi ya vinyama hivyo hugeuka saratani. Hakuwa na uhakika bado. Kampuni moja ya ng'ambo iuzayo mafuta ya kupikia haikutaka aupate.

Watu kumi na tisa walikuwa na vinyama vichanga, hawajaambiwa. Majina yao yalikuwa kwenye diski hiyo tu.

Longino hakuhisi hasira. Tangu amzike Efrazia, mkewe, aliyekufa kwa saratani hiyohiyo, hakuwa akihisi kitu. Naye alipimwa katika utafiti huo, kumridhisha mke tu, wala hakufuata majibu.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Hilux nyeupe. Dereva ni Fredi."

"Nimeiona."

Ilikuwa sokoni Mwakiro. Ili aonekane mchuuzi kweli, Fredi, mtu wa kampuni ile, alikuwa amesimama kuuza samli. Kumbe huko hainunuliwi samli kabla ya kuchoma kijiti mpaka chini ya ndoo, maana wajanja hujaza viazi chini yake. Fredi, aliyekulia ng'ambo, hakulijua hilo. Ndoo mbili zilichomwa kijiti. Ya tatu akaikumbatia.

"Mi sinunue samli ya mutu anakataa kijiti," alisema Kasilda, mama wa sokoni, bila kupaza sauti.

Longino akakipokea kijiti. Mkono wa Fredi ukaingia kotini, ukakwama humo. Bastola ya Longino, Beretta, ilikuwa imeshamgusa mbavu.

Kijiti kikagota kwenye kitu kigumu.

Alasiri, Musinzira, Adventina aliipangusa diski samli, akaifungua, akasoma orodha. Kwenye jina la kumi na moja akageuka kumtazama Longino.

"Kaka Longino, keti."

"Sema tu, Dokta."

"Ni wewe. Kinyama bado ni kidogo, kinatolewa. Njoo Alhamisi."

Longino akauliza saa ngapi. Saa mbili asubuhi, asile kitu. Akaaga.

Nje, vidole vyake bado vilinukia samli, harufu ya jiko la Efrazia. Akajikuta anataka kuishi, na jambo hilo likamshangaza. Akawasha TVS, akaondoka taratibu.