Uyoga wa Mvua ya Kwanza

Kila asubuhi Chiriku alimsaidia bibi yake kuwasha moto na kuteka maji. Waliishi wawili tu, kwenye nyumba iliyoegemea mlima. Watoto wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mvua ya kwanza iliponyesha, alirukaruka mlangoni. "Bibi, twende tukachume uyoga!"

"Subiri, mjukuu wangu. Ardhi haijashiba maji. Uyoga wetu huota mvua zikishakolea, ukungu ukilala mlimani. Huo unaotangulia siuamini."

Chiriku hakusubiri. Siku ya mapumziko alipanda mlimani peke yake, akakuta uyoga mweupe umechanua chini ya miti. Akajaza kikapu.

Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliupapasa. "Umeutoa wapi?"

"Nimepewa na jirani yetu, mama mshonaji. Yeye anaujua uyoga!"

Bibi akaamini, akapika, akala. Chiriku hakula, alikuwa ameshiba viazi kwa rafiki yake.

Haukupita muda, Bibi akaanza kutapika. Jasho likamtiririka, maneno yakamwishia. Chiriku alikimbia kumwita mama mshonaji, wakambeba mpaka zahanati.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza.

"Mimi sijui," mshonaji akajibu. Wote wakamgeukia Chiriku. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa akitetemeka kitandani, macho yakiangalia dari.

"Mtoto, nisipojua, nitatibu kwa kubahatisha!"

"Uyoga," Chiriku akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilichuma mwenyewe. Nikamwambia nimepewa na wewe, mama."

Mshonaji alishika kichwa. Muuguzi hakugomba, aliagiza mabaki yaletwe, akamtundikia Bibi dripu ya maji. "Sasa tungoje," alisema.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote. Chiriku aliushika mkono wa Bibi, akauminya. Mkono haukujibu. Aliuliza kama anaweza kuleta kitu, kufua, hata kufagia. "Hakuna, mwanangu," muuguzi alimjibu. "Kaa tu."

Asubuhi Bibi aliomba maji kwa sauti ya kukwaruza. Chiriku akapiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Haraka yako ilijaza kikapu tu, na ungesema kweli, kikapu kingemwagwa jalalani. Uongo ndio ulionilisha uyoga ule. Jana ulisema kweli nikiwa kitandani, na imenisaidia. Siku nyingine, mjukuu wangu, iseme tukiwa bado jikoni."