Orodha ya Watakaobaki

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika siku hiyo. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga, na mji mzima ukakumbuka ghafla kwamba una mapaa. Mwanamke mmoja mwenye ovaroli ya buluu na kitambaa cheupe kichwani alijipenyeza hadi rafu ya mwisho, akalikamata turubai lililobaki. Akavuta. Halikuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mwanamume mwenye mikono ya grisi na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Dada, nimekutangulia."

"Umenitangulia wapi? Mimi nimeshika kichwa, wewe umeshika mkia."

"Turubai lina kichwa?"

"Lina. Nimekishika."

Mwanamume akacheka. "Haya, unakwenda kufunika nini?"

"Maharage."

"Ya kula?"

"Ya kupanda. Aina mia nne, mbali na mtama na kunde. Nyingine hazipo tena kwenye shamba lolote, zimebaki kwenye friza zangu tu."

Akauachia mkia. "Chukua, malkia wa maharage. Ila nipe namba yako, nije kuuliza kama yamepona."

Kimbunga kile kilipinda njia, kikafia mbali. Turubai halikufunguliwa hata mkunjo mmoja. Namba ya simu ndiyo iliyofanya kazi. Baada ya miezi miwili kituo cha utafiti alikofanya kazi mwanamke yule kilitafuta fundi wa jenereta, na aliyeajiriwa akawa yule mwenye grisi. Kazini waliitana Fundi na Mama Mbegu, kwa sauti kavu kabisa, maana mkurugenzi hakutaka mambo ya moyo kwenye maabara. Walidhani wanaficha. Mapenzi ni kikohozi. Hata mlinzi wa geti alijua.

Mwaka uliofuata kikaja kimbunga kingine, na hiki hakikuwa na nia ya kupinda.

Kituo kilijua kazi yake. Madirisha yalipigiliwa mbao. Vipima upepo vilishushwa kutoka juu ya paa, madaftari yakafungiwa kwenye ndoo za plastiki. Fundi alijaza matangi ya dizeli, akaiendesha jenereta saa nne mfululizo ili ikohoe mapema kama ina la kukohoa. Mama Mbegu alihamishia mbegu ghorofa ya juu, na kila pengo ndani ya friza akaliziba kwa chupa za maji yaliyoganda, kwa sababu friza iliyojaa hutunza baridi kuliko iliyo tupu. Kisha akagandisha vikombe vya maji, kimoja kwa kila friza, vya kuwekewa sarafu juu ya barafu. Umeme ukikatika na barafu ikayeyuka, sarafu huzama. Hata maji yakiganda tena baadaye, sarafu itakuwa chini, na hakuna atakayeweza kukudanganya.

Watu sita tu ndio wangebaki kulinda kituo, wawili wawili, kila mtu na pacha wake wa kuitikiana kwenye redio kila saa. Mama Mbegu alikuwa ameomba kubaki. Miaka kumi na moja ya kazi yake ilikuwa ndani ya zile friza.

Jumanne asubuhi orodha ikabandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake palikuwa pameandikwa jina la mkemia, na kando: pacha wa Fundi.

Mkemia alikuwa na miezi mitatu tu kituoni. Mrefu, gauni la njano chini ya koti jeupe, kicheko cha kusikika vyumba vitatu. Akizungumza na Fundi humshika kiwiko. Mama Mbegu si mtu wa kukisia, alikuwa anahesabu. Mpaka Jumatatu alikuwa amefika mara ishirini na mbili.

Alikwenda banda la jenereta mbio mbio. Akawakuta wote wawili, mkemia ameshika tochi, Fundi anamwonyesha pa kuvuta kamba, wanacheka.

"Ishirini na tatu," Mama Mbegu akasema mlangoni.

"Nini ishirini na tatu, mpenz... Mama Mbegu?"

"Endeleeni. Nisiwaharibie pacha wenu."

Fundi alimfuata uani, simu mkononi, akimpigia mtu aliyekuwa hatua kumi mbele yake. Mama Mbegu akakata. Akapiga tena. Alikata tena. Badala yake akampigia mama yake.

"Mama, nimekatwa kwenye orodha ili yeye abaki na msichana wa gauni la njano."

"Umemuuliza?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako nayajua tangu una miaka mitatu. Ulimng'ata mdogo wako kwa sababu ya ziwa ambalo ulishaachishwa. Nenda kaulize wenye orodha, halafu njoo huku mlimani kabla upepo haujakuleta wenyewe."

Akaenda kwa mkurugenzi. Mwanamume huyo alikuwa amevaa koti la mvua ndani ya ofisi, tayari kwa lolote. Alisukuma fomu mbili mezani.

Swali la saba: *Je, kati ya waliojiandikisha kubaki yumo mume, mke, mchumba au ndugu yako?* Kwenye fomu yake, Mama Mbegu alikuwa ameandika "Hapana". Kwenye fomu ya Fundi, kwa herufi za mtu aliyezoea spana kuliko kalamu: "Ndiyo. Mtunza mbegu ni mchumba wangu."

"Kimbunga cha miaka ile," mkurugenzi akasema, "mume aliiacha pampu akapanda juu kumtafuta mkewe. Chumba cha chini chote kilijaa maji. Tangu hapo, wapenzi hawabaki pamoja. Fundi siwezi kumtoa, jenereta ni yeye. Kwa hiyo ukatoka wewe. Isipokuwa mmoja wenu amenidanganya."

"Sijachumbiwa na mtu."

"Basi saini hapa kwamba hakuna kitu kati yenu. Mkemia atashuka, wewe utabaki. Gari linaondoka saa nane."

Alitoka na ile karatasi mkononi. Fundi alikuwa bado uani, palepale alipoachwa.

"Nani alinichumbia?" Mama Mbegu akamuuliza. "Nionyeshe siku, nionyeshe saa."

"Nilipanga Jumapili hii..."

"Mimi siposwi kwa fomu!"

"Fomu iliuliza, laazizi. Ningeandika hapana, ningekuwa nimekukana kwa mkono wangu."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani ni swali la kawaida tu, kama lile la kundi la damu. Sikujua linakata watu."

"Na mkemia?"

"Mkemia kachaguliwa na mkurugenzi. Anajua friza."

"Na kiwiko?"

"Kiwiko kipi?"

"Hicho chako! Kimeshikwa mara ishirini na tatu."

Fundi akakitazama kiwiko chake kama mtu aliyekutana nacho siku hiyo. "Kumbe mwenzangu unahesabu zaidi ya mbegu."

"Usinichekeshe. Jumapili ungenivisha nini, nati?"

"Pete ipo. Iko kwenye sanduku la spana mwezi wa pili sasa."

"Nionyeshe."

"Sasa hivi? Nina dizeli mpaka kwenye nyusi. Sitakuposa kama mtu anayebadilisha plagi."

"Kumbe haipo."

Akamwacha hapo. Saa saba na nusu ilimkuta amekaa kwenye ngazi, kalamu mkononi. Akisaini, atabaki na mbegu zake na atawalinda wale wawili kwa macho yake. Gharama yake ni sentensi moja tu: kwamba hakuna kitu. Asiposaini, anaikabidhi njano vyote viwili, friza na mwanamume, halafu anakwenda kukaa mlimani kusubiri simu. Wivu ulimwambia saini. Wivu siku zote una haraka. Lakini yule mjinga mwenye grisi alikuwa ameulizwa na ofisi, kwa maandishi, na hakumkana.

Akaikunja ile karatasi bila kuisaini. Akaomba fomu yake, akakata "Hapana" ya swali la saba, akaandika "Ndiyo". Kisha akampelekea mkemia funguo.

"Usifungue friza hata ukisikia mbegu zinakuita kwa jina. Vikombe vimeganda. Leo hii weka sarafu kwenye kila kimoja, halafu funga."

"Sawa, dada."

"Na mkono wako ukae nao."

"Dada?"

"Umenisikia."

Alhamisi saa sita mchana kimbunga kilitua. Nyumbani kwa mama yake mabati yalipiga kelele kama sufuria zinazogombana, na simu ikaita.

"Jenereta inaimba!" Fundi alipaza sauti.

"Pacha wako yuko wapi?"

"Chini ya meza, anamlilia mama yake. Sikiliza, mpenzi, mimi..."

Simu ikakata. Haikuita tena Alhamisi ile, wala Ijumaa.

Siku ya kwanza alimwona akilini Fundi amemshika mkemia mkono, akauma mto. Siku ya pili aliomba Mungu awe amemshika, ashikwe na yeyote anayetaka kumshika, mradi yu hai.

Jumamosi asubuhi barabara ilifunguka. Geti la kituo lilikuwa limelala chali, nusu ya paa la stoo iko bustanini. Mbao za madirisha zilikuwa zimeshika. Kutoka bandani ilisikika jenereta, ikinguruma kama mzee aliyeshiba.

Mkemia akatokea mlangoni. Gauni la njano lilikuwa na rangi ya tope. Miguuni alivaa buti za Fundi.

Mama Mbegu aliziona zile buti. Akapanda ngazi kwenda kwenye mbegu kwanza.

Friza ya kwanza: sarafu juu ya barafu. Ya pili: juu. Alifungua zote, moja baada ya moja, na kila sarafu ilikuwa juu. Ya mwisho ndiyo ya aina zile zisizopatikana tena popote. Akainua kikombe. Hakikuwa na sarafu. Juu ya barafu, imenata kwa baridi, ilikaa pete nyembamba ya dhahabu.

"Kwenye hiyo Fundi alinikatalia sarafu," mkemia akasema nyuma yake. "Aliiweka kabla gari lenu halijafika barabara kuu. Eti ikizama, atajua hakustahili. Niliijaribu, dada. Hainitoshi."

Fundi alikuwa amesimama kwenye korido, peku, macho mekundu kwa siku mbili bila usingizi.

"Swali la saba," akasema. "Mkurugenzi alinionyesha fomu. Jibu lako bado ni lile la pili?"

Mama Mbegu aliipulizia pete kwa pumzi yake mpaka barafu ikaiachia. Akaivaa mwenyewe, maana mikono ya yule bado ilikuwa na dizeli.

"Ndiyo," akasema. "Sasa njoo hapa unieleze kwa nini amevaa buti zako."