Bega si Lipu

Mafundi wenzake walimwita Bapa, kwa sababu dari alizopiga lipu zilinyooka kama meza. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama juu ya jukwaa, uso juu, mwiko katika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishika ubao wa saruji tu.

Bega la kulia lilianza kuuma polepole. Bapa akaendelea na kazi. Siku aliposhindwa kuinua mwiko, alifanya alichokijua. Lipu mpya haiguswi mpaka ikauke, basi naye akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa, usiguswe. Mkewe alimsihi aende kliniki. Akamkumbusha kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Bapa alijibu kwamba hajasikia msiba wa bega.

Baada ya wiki sita alifungua kitambaa. Mkono ukagoma, haukupita kifua. Bapa alikaa kitandani akalia, mtu mzima yule. Mkewe akawa anamvisha shati kila asubuhi. Msimamizi naye akatuma ujumbe: nafasi ya dari itamngoja mpaka mwisho wa mwezi, basi.

Ndipo akakubali kwenda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole, alimwambia avue shati na ainue mikono yote miwili. Akasimama nyuma yake pamoja na mkewe, akamwonyesha kombe la bega, lile fupa bapa la mgongoni.

"Tazama kushoto, mama. Mkono ukipanda, kombe linateleza na kugeuka. Kulia, bega zima linakimbilia sikioni. Misuli ya shingo ndiyo inayobeba kazi."

Bapa alisema huo ni mkono wa kazi, lazima utofautiane na mwenzake.

"Ni kweli, mikono ya mtu hailingani kabisa. Unaofanya kazi sana una mazoea yake. Lakini tofauti hiyo haiumi, wala haizuii mkono kupanda. Wako umekauka, baba. Bega si lipu. Ukiliacha bila kulisogeza, linaganda. Nani alikwambia ulifunge?"

Bapa aliinamisha kichwa. "Mimi mwenyewe."

Alifundishwa kuinama na kuuning'iniza mkono, akiuzungusha taratibu. Alifundishwa kupandisha vidole ukutani mbele ya kioo, bega lisiende sikioni. Maumivu kidogo avumilie, yakichoma, aache. Aliambiwa pia kwamba angekuja mapema, kazi ingekuwa nyepesi.

Mwezi uliisha, nafasi ikapewa mwingine. Mwezi wa nne wa mazoezi mkono ulivuka bega. Mwezi wa saba ulifika usawa wa paji la uso, ukaishia hapo. Shati anavaa mwenyewe. Kazini amerudi, lakini ni kuta tu, za usawa wa kifua. Hupumzika kila baada ya muda, na kazi nyepesi huupa mkono wa kushoto. Dari hatazipiga tena, na jambo hilo linamuuma kuliko bega.

Jioni moja fundi aliyechukua nafasi yake alishuka jukwaani akilisugua bega. Bapa akamwambia kesho waende kliniki pamoja.

"Mbona bado linainuka?" fundi yule akauliza.

"Ndiyo maana twende kesho," Bapa akasema. "Mimi nilingoja mpaka likakataa."