Maua ya Mlangoni kwa Cheptanui

Wewe unayesoma, usijifanye hukuona. Umewaona mama zetu wakiinama kwenye bustani za mabwana, asubuhi hadi jioni. Umewaona wakirudi kwenye nyumba zisizo na hata jani mlangoni. Ukageuza uso. Ukasema maua ni mambo ya Wazungu. Mimi sijasahau.

Cheptanui, mama Jonah, aliishi na mumewe Kosgei kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Kila Jumapili mama mmoja, kwa zamu, alileta maua ya meza ya kanisa. Wote waliyaomba kwa mke wa bwana mkubwa wa reli, kwenye mlango wa jikoni, wakapewa yaliyoanza kunyauka. Zamu ya Cheptanui ilikuwa Jumapili ya mavuno.

"Mimi siombi," alimwambia mumewe. "Nitapeleka yangu."

Akanunua mbegu za maua ya petunia dukani. Akachimba mashimo kwa mstari, akatia mbegu, akafukia, akakanyaga kwa kisigino, vile mama yake alivyopanda mahindi. Mvua ikanyesha. Hakuna kilichoota.

"Labda yanaogopa ngozi yetu," Kosgei alisema akicheka.

Cheptanui hakucheka. Alimwita jirani yake Wachuka, ambaye mlango wake ulikuwa na rangi kila msimu. Wachuka akatazama mashimo.

"Mama Jonah, hapa umezika maiti. Mbegu hii ni ndogo kama ugoro. Itapanda juu na nguvu gani?"

"Sasa nifanye nini? Mavuno yanakuja."

"Bado kuna wakati, ukianza leo. Leta mbegu zilizobaki na mkebe wa zamani. Toboa chini, tia udongo laini na samadi iliyooza, umwagie maji. Changanya mbegu na mchanga, unyunyize juu kama chumvi. Usifukie. Bonyeza na kiganja tu. Weka kivulini, lakini penye mwanga."

"Ni hizo tu?"

"Hapana, panda na maua ya zinia. Udongo wetu ni mwepesi, unakauka upesi, na zinia hailii jua likiwaka. Mbegu yake ni kubwa. Ifukie kidogo, pale pale itakapokaa."

"Yakichanua nisiyakate, si ndiyo?"

"Kata. Haya ni maua ya msimu mmoja. Ukikata, yanaleta mengine. Ukiacha yote yazeeke, mmea unaona kazi yake imeisha. Ila machache mazuri yaache yakauke, upate mbegu za mwaka ujao."

Miche ikaota. Ilipopata nguvu, Cheptanui aliihamisha mlangoni jioni, jua likiwa limepoa. Zinia nazo zikasimama wima. Siku moja alimkuta Kosgei akimwagilia kabla hata ya kuvua koti la kazi.

"Hayaogopi ngozi yako?" alimuuliza.

"Nyamaza, mama," Kosgei alisema. "Huyu ana kiu."

Jumapili ya mavuno, Cheptanui alipita barabarani na zinia nyekundu kifuani na petunia kwenye mkebe wa maji. Mke wa bwana mkubwa akasimamisha gari.

"Umetoa wapi hayo?"

"Mlangoni kwangu."

Hakuinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuna mama wa kanisa letu aliyebisha tena ule mlango wa jikoni.

Sasa wewe. Mvua imenyesha, udongo ni laini. Nenda kwa jirani mwenye maua, umwombe mbegu. Lima kipande kilicho mbele ya nyumba yako, hata kama ni upana wa mkeka. Usiniambie kesho. Inuka sasa, shika jembe.