Msaidizi wa Dionisia

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho ya Chiola wakati Dionisia anamwaga debe la korosho zilizokaangwa kwenye turubai. Mgongo unauma. Miguu inauma. Miaka kumi na miwili amelima vibarua kwenye mashamba ya watu, na sasa alitaka, angalau mara moja, achokee kazi yake mwenyewe. Mpango ulikuwa mdogo tu: abangue korosho nyumbani, afungashe, auze Nachingwea mjini. Mwenye duka mmoja alishakubali kumjaribu. Alitaka korosho za gunia zima, nyeupe, zisizovunjika, Ijumaa asubuhi. Akileta vipande, asirudi tena.

Hiyo ilikuwa Jumatano, na nusu ya gunia haijaguswa. Vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Hata majivu anayojipaka hayasaidii. Akachukua simu, akampigia shangazi yake, Gaudensia wa Ruangwa.

Shangazi huyo anabangua magunia kwa magunia, na kwake hajawahi kuonekana kibarua hata mmoja. Majirani wanasema yao. Lakini Dionisia alikuwa amechoka, na mtu akichoka hivyo majirani atawasikiliza saa ngapi?

"Shikamoo, shangazi. Kazi imenishinda."

"Marahaba, mwanangu. Mtu wa kukusaidia hakosekani. Unamtaka nani?"

Dionisia akacheka kidogo, bila nguvu. "Labda angekuwepo dada Koleta. Yule alikuwa na mikono!"

"Haya. Akija usimsemeshe. Mpe pumba."

Simu ikakatika. Pumba? Dionisia akaona shangazi ameanza kuzeeka vibaya. Koleta walimzika Ruponda kabla ya Kwaresima, kwa homa ya siku mbili.

Alhamisi jioni, mumewe akiwa safarini na pikipiki yake na mtoto kwa bibi yake, Dionisia alikuwa jikoni anasonga ugali aliposikia.

Ko... ko... ko...

Mtu anabangua korosho.

Harufu ikaingia kwanza, harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa. Dionisia akachungulia mlangoni. Kwenye turubai alikaa mwanamke, amempa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Hakujipaka majivu. Mafuta ya maganda yalimtiririka hadi viwikoni, wala hakushtuka. Kila ganda lilipopasuka, korosho ilitoka nzima, nyeupe. Na nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto.

Koleta alikuwa mashoto.

Dionisia alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kumkimbilia dada yake amkumbatie, maana alikuwa amemkumbuka mno. Na tuseme ukweli, macho yake yalikwenda vilevile kwenye lile rundo la korosho, akaona linavyokua haraka.

Akateka pumba kwenye ungo, akausogeza mbele yake. Yule mwanamke akala kwa pupa, bila kuinua uso.

"Dada..." Dionisia alinong'ona.

Akageuka.

Mdomo ukafunguka kumjibu. Ndani hamkuwa na ulimi.

Kisha akageukia turubai tena. Ko... ko... ko...

Dionisia alirudi ndani, akajifungia, akalia hadi sauti ikamkauka. Lakini hakumfukuza. Alisubiri gunia liishe, na kulipopambazuka uani palibaki korosho tu, mwanamke hayupo. Alijichukia kwa hilo, akazifungasha huku anajichukia.

Mwenye duka alitafuna moja, akatabasamu. Akataka za magunia mawili kila wiki.

Dionisia alirudi Chiola na magunia mawili ya korosho mbichi, dereva akayashusha uani. Hakuwa amemwambia mtu. Hata hivyo, giza lilipoanza kuingia, simu iliita.

"Magunia mawili, mwanangu," shangazi alisema taratibu. "Mmoja hatoshi. Taja wa pili."

"Sitaki, shangazi! Mwache dada yangu apumzike."

"Taja jina tu. Wa nyumbani yeyote, hata aliye hai."

"Simtaji mtu!"

Akaitupa simu kwenye turubai, wala hakukumbuka kuikata. Aliapa moyoni kwamba atabangua mwenyewe, vidole viishe kama vitaisha.

Ndipo matone ya mvua yakaanza, mazito, moja moja. Korosho zikilowa zinaota ukungu, na huo ndio mwisho wa biashara. Akalishika gunia la kwanza akalivuta. Halikusogea. Akavuta tena, akaanguka chini.

Mumewe alikuwa ndio anarudi safarini, anaegesha pikipiki barabarani. Tangu mtoto wao azaliwe, Dionisia hakuwahi kumwita ila baba Valentina, kama wanawake wote wa pale wanavyowaita waume zao. Lakini jioni ile kichwa hakikuwa na nafasi ya adabu.

"Saturnini!" alipaza sauti. "Saturnini, njoo unisaidie kazi!"

Mume alikuja mbio huku akicheka, maana jina lake hajalisikia kinywani mwa mkewe siku nyingi. Akainama, akalikumbatia gunia.

Kutoka kwenye turubai, simu ikasema kwa upole:

"Haya, mwanangu. Nimesikia."