Kabla Ijumaa Haijaingia

Gatwiri alikuwa ameng'oa waya wa umeme, akatoa na kile kibetri cha duara kinachoifanya saa ikumbuke tarehe stima ikipotea. Saa ilipaswa kufa. Haikufa. Mchana kweupe, ndani ya karakana yao ya mtaani Chechelesi, sekunde ziliendelea kupanda kwenye kioo.

"Mbaabu," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Kuja uone hii kitu."

"Si ni chaji tu imebaki ndani."

"Tangu asubuhi?"

Mbaabu alikuwa ananusa. Harufu ya nywele zinazoungua ilijaa chumba, na solda, chuma chao cha kulehemia waya, ilikuwa baridi.

Saa yenyewe ilikuwa oda ya Mzee Bile, wa msikiti mmoja mdogo kule Kiwanjani. Gatwiri ndiye aliyeiandikia programu, mstari kwa mstari, mpaka ikajua siku, mwezi, hata mwaka mrefu. Kazi ya Mbaabu ilikuwa kasha. Naye, mtu wa kupenda vya dezo, alichukua mkebe wa bati wa askari wa zamani, uliotoka Garbatulla pamoja na vyuma chakavu, umezibwa kwa nta na kufungwa uzi mweusi mara saba. Mwenye akili zake akiona uzi mara saba huuliza. Mbaabu alichukua kisu.

Jumatano, saa sita mchana, Mbaabu aliacha kula, tonge likiwa mkononi. Macho yakageuka meupe. Akaongea Kiborana, lugha ambayo hakuijua hata ya kuombea maji, kisha akamgeukia mkewe kwa Kiswahili kizito kilichotoka kifuani, midomo imefumba.

"Nyumba yangu mmeijaza waya. Zitoeni, muirudishe ilikotoka kabla Ijumaa haijaingia. Ikiingia nikiwa hapa, huyu nitamla kutoka ndani."

Alipozinduka hakukumbuka neno, ila ulimi ulikuwa umekatika pembeni na shati limelowa damu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Gatwiri alificha. Aliona haya kumwambia Mzee Bile kwamba saa ya msikiti ina jini, na aliogopa zaidi wenzake wa kanisani wakisikia. Akapiga hesabu yake mwenyewe. Lori la mifugo lingeondoka Alhamisi jioni na kufika Garbatulla saa tano usiku. Ijumaa huingia saa sita usiku. Ndivyo alivyoiandikia saa, ndivyo alivyofunzwa tangu shuleni. Alibakiwa na saa nzima ya akiba.

Alhamisi jioni aling'oa waya zote ndani ya mkebe, akaiacha saa mezani. Mbaabu akaupakata mkebe, tayari kwa safari. Adhana ya magharibi ikalia. Pale mezani, bila waya, bila betri, kioo kikawaka: 18:39. Neno ALHAMISI likafutika herufi moja moja, na mahali pake pakaandikwa IJUMAA.

Gatwiri alipiga simu.

"Mzee Bile, leo si bado ni Alhamisi?"

"Jua likizama ni Ijumaa, mwanangu. Kwetu usiku ndio unatangulia mchana wake. Kwani kuna nini?"

Alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Bwana yako ameshika hiyo mkebe?"

"Ameishika."

"Itoe kwa mkono yake! Nakuja na bodaboda, lakini usiningoje. Akiendelea kuishika hataona isha."

Simu ilimponyoka, kwa sababu Mbaabu alikuwa amesimama, na kichwa chake kikaanza kugonga ukuta, mara moja, mara mbili, mara ya tatu meno yakamwagika sakafuni, na Gatwiri alipomrukia alitupwa juu ya meza kama gunia tupu, akainuka mdomo umejaa damu, akasikia mbavu za mumewe zikivunjika moja baada ya nyingine bila mtu kumgusa, kitu kikisukuma kutoka ndani kutafuta njia, naye Gatwiri akakivuta kidole gumba cha ule mkono ulioshika mkebe, akakivuta kwa koleo mpaka kikavunjika, lakini mkono haukuachia, nyama ilikuwa imeshikamana na bati, ndipo akaliona panga la kuni nyuma ya mlango.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, Mbaabu."

Alikata mara tatu.

Harufu ikaisha papo hapo. Mbaabu alianguka, akalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu, na Gatwiri akalia naye kwa furaha na uchungu huku akimfunga kigutu kwa leso na kukaza kwa meno. Mumewe alikuwa hai, na hilo lilimtosha.

Kisha hasira ikampanda. Aliunyakua ule mkebe, akaung'oa mkono uliokatwa, akakimbilia mlangoni autupe barabarani. Mzee Bile ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki.

"Usiishike!" mzee alipiga kelele. Hakusogea tena hatua hata moja.

Gatwiri alijaribu kukunjua vidole. Havikukunjuka. Bati lilikuwa la moto, na kitu kikaanza kumtambaa kwenye kiwiko, taratibu, kikielekea begani.

Nyuma yake panga liliburutwa sakafuni. Mbaabu alikuwa amepiga magoti, amelishika kwa mkono uliobaki.

"Gatwiri," alisema, huku analia. "Weka mkono mezani."